Chumvi Ndani ya Ukuta wa Bi Salma

Nikipita mahali nikamwona kijana anapiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe ya zamani, ulimi wangu unawasha. Nasema ulimi, sisemi mkono, na sababu yake nitawaeleza. Msiige tu kabla hamjasikia mpaka mwisho. Kuna mwenzenu mmoja hapa Ilala alisikia nusu, akaenda kuiga, akashinda chooni.

Kwa wasionijua, naitwa Sudi na nilikuwa mwashi. Haya maghorofa ya vioo yanayoota Kariakoo kila kukicha sikuyajenga mimi. Kazi yangu ilikuwa nyumba kongwe za mawe za mjini kati, za Upanga, na zile chache zilizobaki pembeni mwa Kariakoo kuelekea Mnazi Mmoja. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, enzi ambazo saruji haikuwa kitu cha kukikuta kila duka. Sasa magoti yamegoma kupanda ngazi, kwa hiyo nakaa barazani, nakunywa kahawa na kuwasumbua vijana wa gereji ya jirani. Wao ndio walionishauri niandike. Walisema, "Babu, labda ukiandika utapumzika kuongea." Nimeandika na bado naongea.

Ubishi wetu ulianzia kwa mchomeleaji mmoja pale gereji, kijana mwenye misuli na maneno. Aliniambia chuma kinashika kutu, mbao inaliwa na mchwa, lakini jiwe likishakuwa jiwe limekuwa, halina shida na mtu. Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Mimi nimelishwa na jiwe linalooza maisha yangu yote. Kama lingekuwa haliozi, leo ningekuwa nauza mitumba.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kombo, Mungu amrehemu. Alikuwa mfupi, mkali wa macho na mpole wa mkono, na kofia yake ya kiua ilikuwa na vumbi la chokaa hata siku ya Ijumaa. Yeye alisema ukuta una maadui wawili, mvunjaji na mchukuzi, na fundi asiyejua kuwatenganisha atapigana na asiyehusika.

Mvunjaji hahamishi kitu. Analilegeza jiwe palepale lilipo. Jua linalichoma mchana kutwa, mvua inashuka ghafla, jiwe linatanuka na kunywea, mwisho ngozi yake inabanduka. Maji ya mvua nayo si maji matupu. Yakipita hewani na kwenye udongo yanapata ukali kidogo, ukali ambao wewe huusikii mdomoni, ila matumbawe yanausikia na yanayeyuka kidogo kidogo. Halafu kuna kunguru. Kunguru wa Dar anakula tunda la mtini, anatua juu ya ukuta wako, anajisaidia, anaondoka zake. Mbegu inaota kwenye ufa. Mzizi unaingia ukiwa mwembamba kama uzi wa cherehani, kisha unanenepa humo humo ndani. Ukiona mche wa mtini juu ya ukuta, ung'oe leo, maana ukisubiri ukue vizuri ukiung'oa utatoka na jiwe lake.

Mchukuzi ni yule anayekuja baadaye kubeba kilicholegea. Ni maji yanayokimbia, ni upepo, ni miguu ya watu kwenye ngazi. Nilipokuwa mgeni kazini, siku moja tunachekecha mchanga wa Msimbazi, nilimuuliza Mzee Kombo mchanga wote ule unatoka wapi, maana watu wanachota na hauishi.

"Pugu," akasema. "Vilima vya Pugu vinashuka. Vinavunjika huko juu, mvua inavileta Jangwani, wewe unavidaka kwa beleshi, unavipandisha tena ukutani. Na huku ukutani vitashuka tena. Kwa hiyo chekecha, kazi ipo."

Basi mchanga ule niliuheshimu tangu siku hiyo. Ukiushika, umeshika kilima kilicho safarini.

Mjini kati, upande wa Uhindini, tuliwahi kuitwa kuamua ugomvi. Mwenye duka la vitambaa, mzee wa Kihindi aliyevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, alikuwa haongei na jirani yake muuza saa. Alidai jirani anatoboa ngazi yake ya jiwe kwa makusudi ili wateja wajikwae. Na kweli, kwenye ngazi palikuwa na shimo la mviringo, limechongeka vizuri kama kinu cha kutwangia vitunguu saumu. Muuza saa aliapa kwamba hata tindo hana. Mzee Kombo alichuchumaa pembeni ya shimo, akangoja. Tone la maji likamdondokea kwenye kofia. Tukatazama juu wote: mashine ya AC ya mwenye duka la vitambaa mwenyewe, inatema maji yake tangu ilipofungwa. Yule mzee alishusha miwani ya kichwani akaiweka juu ya ile ya machoni, akatazama tena. Kisha akaagiza chai ya maziwa, ya watu wote, na muuza saa akapewa kikombe cha kwanza.

Sasa nije kwenye ulimi.

Katika wavunjaji wote, mjanja kuliko wote ni chumvi. Chukua andazi, chovya ncha tu kwenye chai, utaona chai inapanda yenyewe. Jiwe la matumbawe nalo linanyonya maji hivyo hivyo, na maji yakipanda yanapanda na chumvi. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Inaota punje ndani ya vile vitundu vidogo vya jiwe, punje zinakua, nafasi hakuna, zinasukuma. Ukilisukuma jiwe toka ndani kila kiangazi, litakuwa unga. Mzee Kombo alikuwa akiona weupe ukutani hatoi kifaa chochote. Anasogea, analamba. Alisema weupe una aina nyingi, upo wa chokaa, upo wa ukungu, upo wa chumvi, na macho yanadanganyika.

Mimi nikaona huo ndio ufundi wenyewe. Tukaitwa Upanga, kwenye nyumba ya familia moja, ukuta wao wa nje upande wa barabara unaliwa chini. Nikamtangulia mwalimu wangu ili nimwonyeshe nilivyoiva. Nikapiga magoti, nikalamba kwa nguvu zote, nikasema kwa furaha, "Chumvi, mzee. Tena nyingi."

Mlinzi wa getini alikuwa ananitazama kwa huruma. "Fundi," akasema, "hayo maandishi umeyasoma?"

Nikarudi nyuma hatua kadhaa. Nilikuwa karibu mno na ukuta ndiyo maana sikuyaona. Yalikuwa ya rangi nyekundu, makubwa, yamepita juu ya kichwa changu: USIKOJOE HAPA. Na mnajua nyinyi wenyewe, hapa mjini maandishi yale hayaandikwi mahali ambapo watu hawakojoi.

Mzee Kombo alikaa kwenye ukingo wa mtaro akacheka mpaka akavua kofia kujifutia machozi. Mlinzi akanipa maji ya kusukutua, nikayamaliza yote. Mzee Kombo alipotulia akaniambia kitu ambacho nimekishika mpaka leo. "Jibu lako ni sahihi, chumvi ipo. Ila siku nyingine uliza kwanza imetoka wapi, ndipo ulambe."

Swali hilo ndilo lililotusaidia kwa Bi Salma.

Bi Salma alikuwa mjane. Ukoo wao una asili ya Uarabuni, lakini yeye, baba yake na babu yake wote walizaliwa mjini hapa, na Kiswahili chake kizuri hata ungetaka akupangishie. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, duka mbele, vyumba nyuma, katikati ukumbi mkubwa. Ukuta mmoja wa ukumbi huo ulikuwa unaliwa. Mafundi walikuwa wamepita wengi, kila mmoja anabandua plasta ya mwenzake, anapiga ya saruji nzito zaidi, na haupiti muda inadondoka na kipande cha jiwe mgongoni. Majirani wakaanza kusema ukuta una jini. Akaletwa shehe, akasoma, akaukagua, akawaambia jini hayupo, watafute fundi.

Mwanawe wa pekee, Hamidu, alikuwa anauza simu na makava Kariakoo. Alitaka kubomoa, ajenge ghorofa, na mama ahamie fleti Upanga. Msimwone mbaya. Alikuwa anamwogopea mama yake, maana vipande vilivyokuwa vikidondoka vilianza kuwa vikubwa. Siku tulipofika kuangalia kazi tulimkuta pale.

"Shikamoo mzee," akamwambia Mzee Kombo.

"Marahaba, baba."

"Mzee wangu, nisikufiche. Mimi nimechoka. Nimekubaliana na mama hivi: Idi tutakula hapa kama kawaida. Plasta ikidondoka hata kipande kimoja kabla Idi haijaisha, nyumba inashuka. Kwa hiyo ukiona huiwezi, sema sasa hivi."

Alipoondoka, Bi Salma akatukaribisha kahawa. Akatuonyesha mlango wa mbele, ule wa mbao nene. "Mume wangu alitokea pale, amebebwa begani na watu wake," akasema. "Na mimi nataka nitokee palepale. Huko Upanga nitateremshwa na lifti kama friji."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Mzee Kombo akaulamba ukuta. Bi Salma akashika mdomo. Mwalimu wangu akakunja uso, akalamba kwingine, akauliza, "Marehemu alikuwa anafanya biashara gani?"

"Chumvi," akasema Bi Salma. "Chumvi na papa mkavu. Magunia aliyapanga hapo, toka chini mpaka karibu na boriti. Tangu hatujaoana."

Ndiyo hivyo. Kila masika unyevu ulikuwa unapita kwenye magunia, unaingia ukutani na chumvi yake. Magunia yaliondoka alipokufa mwenyewe, chumvi ikabaki. Halafu wakaja mafundi wa saruji. Mmoja wao, nadhani kwa kubana matumizi, alitumia mchanga wa baharini, akaongeza chumvi juu ya chumvi. Saruji inaziba. Unyevu unataka kutoka hauna njia, kwa hiyo chumvi inaotea nyuma ya plasta, ndani ya jiwe. Mzee Kombo alisema, "Mmemvalisha koti la mvua mtu anayetoka jasho."

Dawa yake ilikuwa kubandua saruji yote na kupiga plasta ya chokaa laini. Chokaa inapumua. Unyevu unapita, chumvi inatoka kwenye jiwe inakwenda kukaa kwenye plasta, plasta inashiba, inakufa, inadondoka. Unafagia, unatupa mbali, unapiga nyingine. Plasta inakufa badala ya jiwe, mpaka chumvi ipungue.

Mmeona tatizo lilipo. Sisi dawa yetu ilikuwa plasta ya kudondoka, na Hamidu ameapa ikidondoka anabomoa.

"Itadondoka lini?" Bi Salma akauliza.

"Ikishakauka na kushiba. Inaweza kuwa kabla ya Idi, inaweza kuwa baada. Sina mkataba nayo."

"Na ukinipigia saruji?"

"Itakaa Idi yote, nzuri, inang'aa. Nyuma yake jiwe linaendelea kuwa unga. Baadaye Hamidu hatahitaji kubomoa, ukuta utashuka wenyewe."

Mimi moyoni nilitaka saruji. Idi ipite salama, mama wa watu abaki kwake, mengine tutajua mbele. Nikamnong'oneza mwalimu wangu hivyo, akanitazama mpaka nikaanza kukagua beleshi. Akamwambia Bi Salma, "Nyumba ni yako. Utakalosema ndilo."

Bi Salma akasimama, akapitisha kiganja ukutani pale jiwe lilipokuwa wazi. Kiganja kikarudi cheupe, kimejaa unga. Akakitazama muda mrefu.

"Huu unga ndio nyumba yangu?"

"Ndiyo yenyewe," akasema Mzee Kombo.

"Basi tieni chokaa. Hamidu niachieni mimi."

Tulibandua saruji kwa tindo nyembamba na nyundo nyepesi, maana ukipiga kwa hasira unamsaidia mvunjaji. Chokaa ilikuwa imelowekwa kwenye pipa siku nyingi mpaka ikawa laini kama siagi. Mchanga wa mtoni, umeoshwa, umechekechwa. Ukitaka kujua mchanganyiko umekubali, uchote na mwiko kisha ugeuze mwiko chini juu. Ukibaki umeng'ang'ania, anza kazi. Na usiusugue ukuta mpaka ung'ae, kwa sababu kung'aa kwake ni kuziba. Bi Salma alipita kila asubuhi na buni zake za kahawa kwenye kikapu, anautazama ule ukuta wetu usio na mng'aro, anasema, "Sura mbaya, lakini ndiyo niliyoichagua."

Idi ikafika, na sisi tukaalikwa. Mkeka umetandikwa ukumbini, sinia la pilau katikati, ndugu, wakwe na majirani wamezunguka. Hamidu alikaa akiutazama ukuta kuliko chakula. Mimi hata mchuzi sikuuonja vizuri, kila kijiko cha kupakulia kikigonga sinia nashtuka. Mzee Kombo alikuwa anakula kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Tukiwa katikati ya kula, kikasikika kitu kama mtu anavuta pumzi, halafu pwaa. Bamba la plasta, pana kama sinia lenyewe, likabanduka na kulala chini ya ukuta. Vumbi likaja mpaka kwenye kachumbari.

Hakuna aliyetafuna. Hamidu akanawa mikono taratibu, akajifuta.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana," akasema Bi Salma. "Kaonje kwanza."

"Nionje nini?"

"Kilichodondoka."

"Mama, leo Idi. Mimi nile ukuta mbele ya wakwe?"

"Ndiyo, ule. Kanzu zako za Idi ulizovaa utotoni zilitoka hapo. Shule yako ilitoka hapo. Duka lako la simu limeanzia hapo. Baba yako hakupenda kupigwa picha, Hamidu, hatuna hata moja iliyo nzuri. Kilichobaki chake kimo humo ukutani. Onja, halafu bomoa ukitaka."

Hamidu akainuka. Akaokota kipande, akakigeuza. Mgongoni kilikuwa kimejaa punje nyeupe zinazometameta. Akagusa kwa ncha ya ulimi, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtoto.

"Nilikuwa nalala juu ya magunia," akasema.

"Usiku kucha unajikuna," akasema mama yake.

Hapo Mzee Kombo akanawa, akaenda ukutani, akamwonyesha palipobanduka. Safari hii plasta haikuondoka na jiwe. Jiwe lilikuwa zima, gumu, limebaki mahali pake. Hamidu akaligonga kwa kidole.

"Kwa hiyo ikidondoka ndiyo inapona?"

"Ndiyo."

"Na itadondoka tena?"

"Inshallah," akasema Mzee Kombo.

Watu wakaangua kicheko, na Hamidu mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka, hakuyaficha. Akarudi kwenye sinia, akapuliza vumbi kwenye kachumbari, akamuuliza mwalimu wangu, "Nyingine mnapiga lini?"

Tulipiga, ikadondoka. Tukapiga tena. Kila ilipokufa ilichelewa zaidi kuliko iliyotangulia, na punje mgongoni zilipungua. Mzee Kombo hakuiona iliyokaa. Alifariki kabla, na ile ya mwisho niliipiga peke yangu, na sikuona aibu kulia juu ya ngazi, kwa sababu kila nilipogeuza mwiko chini juu nilimsikia akinicheka kwa lile la Upanga. Baada ya hapo kila Idi nilialikwa, na Bi Salma akinipokea mlangoni aliuliza, "Sudi, umekuja kula au kulamba?"

Vijana wangu wa gereji, na nyinyi wengine mtakaoshika mwiko, msijidanganye kwamba fundi anamshinda mvunjaji. Jiwe lile siku moja litakuwa mchanga, na mchukuzi atalipeleka Jangwani au baharini. Sisi tulimchelewesha tu. Bi Salma hakuhitaji zaidi ya hapo.

Alifariki mwaka jana, amelala chumbani kwake. Walipombeba nilikuwa nimesimama ukumbini. Alipita mlango ule wa mbao nene, begani mwa watu wake, kama alivyotaka, na mimi nililia kilio chenye furaha ndani yake, sijui kama mtanielewa.

Tuliporudi kutoka makaburini watu walikaa mkekani wakisubiri kahawa. Hamidu, naye sasa ana mvi, alikuwa amesimama peke yake karibu na ukuta. Alidhani hakuna anayemwona. Akapitisha kidole kwenye chokaa, akakitia mdomoni.

Nikamsogelea. "Bado ipo?"

"Kidogo," akasema, na akapitisha kidole tena.